Farasi anajikuna singa na mkia kila msimu wa usubi: mitishamba ipi inasaidia kweli?

TandikoJepesi

Wakuu, naomba msaada wa wenye ujuzi na ngozi za farasi.

Nina farasi jike wa miaka 6, uzito kama kilo 400. Huu ni msimu wa tatu. Joto na unyevu vikianza tu, anajisugua kwenye nguzo na uzio: shina la mkia, chini ya singa za shingo, na mstari wa katikati ya tumbo. Singa zimekatika zimebaki kama brashi, ngozi ya shingo imekuwa nene yenye mikunjo, na sehemu mbili karibu na mkia zimechubuka hadi zinatoa majimaji. Mwasho unazidi jioni na alfajiri. Maksai (farasi dume aliyehasiwa) ninayemfuga naye kwenye malisho yale yale hana hata kipele.

Ninachotumia sasa ni mafuta ya mwarobaini yenyewe, bila kuchanganya na kitu, napaka asubuhi. Pia vitunguu saumu vitatu vizima, vilivyopondwa kwenye pumba kila siku, ili harufu itoke kwenye jasho iwafukuze wadudu. Siku nne baada ya kuanza mwarobaini, ngozi ya shingo imeanza kubanduka.

Naomba kujua: mwarobaini unachanganywaje? Kitunguu saumu niendelee? Alovera, kamomili na mbegu za kitani zina kazi gani hapa, na kwa vipimo gani? Na zile sehemu zilizochubuka nizipake nini?

---

KwatoNne

Mkuu TandikoJepesi, mwarobaini usiochanganywa acha leo, na kitunguu saumu pia. Wenzangu watakueleza sababu. Mimi naanza na chanzo, kwa sababu mitishamba ikiwekwa mahali pasipo pake inakula muda wako na ngozi inaendelea kuharibika.

Dalili zako zinaelekea kwenye mzio wa mate ya usubi, hasa wa jenasi Culicoides. Ni vijidudu vya milimita 1 hadi 3, majike ndio wanaonyonya damu, na mate wanayoacha kwenye ngozi yana protini ambazo kinga ya farasi wako inazishambulia kupita kiasi. Maksai wako naye anang'atwa, tena na usubi wale wale. Tofauti iko kwenye kinga ya mwili. Ugonjwa huu mara nyingi huanza kati ya miaka 2 na 4, unarithiwa kwa kiasi fulani, na usipodhibitiwa huongezeka ukali msimu hadi msimu. Mfano unaotajwa sana ni farasi wa Iceland: waliozaliwa kule ambako usubi hawa hawakuwepo, kisha wakasafirishwa wakiwa wakubwa, huugua kwa wingi kuliko wenzao wa asili ile ile waliozaliwa Ulaya bara na kung'atwa tangu utotoni.

Hata hivyo hakikisha kwanza. Minyoo ya mkundu (Oxyuris equi) huwasha shina la mkia peke yake: bandika kipande cha selotepu pembeni ya mkundu asubuhi kabla hujamsafisha, kikaangaliwe kwa hadubini na daktari wa mifugo. Chawa utawaona kwa tochi ukigawanya nywele chini ya singa. Utitiri hupenda miguu ya chini, na farasi hupiga kwato chini mara kwa mara. Fangasi hutoa mabaka ya mviringo yenye magamba, hayawashi sana, na yanaambukiza wenzake pamoja na wewe. Mstari wa tumboni ndio wa kuangalia kwa makini, kwa kuwa vijiminyoo vya Onchocerca hukaa hapo hapo na vinaenezwa na usubi hao hao. Dawa yake ni ya daktari, hakuna jani litakaloiondoa.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote nitakayosema: hakuna mmea unaozima mzio wenyewe. Mimea inaweza kutuliza ngozi, kupunguza kung'atwa kwa saa chache, na kusaidia ngozi ijijenge. Ukiwa na dakika 30 kwa siku za kumhudumia, tumia 20 kumtenga na usubi.

Kumtenga kunafanyika hivi. Mwingize bandani saa moja au mbili kabla jua halijazama, umtoe jua likishapanda vizuri. Siku za mawingu, joto na utulivu wa hewa, mwache ndani muda mrefu zaidi, maana usubi huuma hata mchana hali ikiwa hivyo. Usubi ni warukaji dhaifu: upepo wa kilomita 8 hadi 10 kwa saa unawazuia, kwa hiyo feni kubwa inayompulizia farasi mwili mzima kule bandani ina faida kuliko dawa nyingi za kupulizia. Ifungwe mahali asipofikia waya. Wavu wa madirisha uwe na tundu zisizofika milimita 1. Watu wengi hufunga wavu wa mbu wa kawaida kisha wanashangaa, kumbe tundu zake ni pana, usubi anapita bila kugusa pembeni. Wavu mwembamba hupunguza hewa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na feni.

Joho la kuzuia wadudu lifunike shingo, mwili, tumbo na shina la mkia. Lile linaloacha tumbo wazi litakuachia kidonda tumboni. Mvalishe wiki mbili au tatu kabla ya msimu, ngozi ingali nzima. Ukingoja hadi awashwe, atajisugua na kulichana, na ngozi iliyokwisha kuvimba huwashwa hata kwa kung'atwa mara moja.

Tope lenye samadi, kingo za bwawa, mfereji unaovuja chini ya bomba la kunyweshea: huko ndiko wanakozaliana. Kausha unachoweza. Usichoweza kukausha, hamisha farasi mbali nacho mamia ya mita, na ikiwezekana mpeleke kwenye mwinuko wenye upepo.

---

MamaShubiri

Pole sana TandikoJepesi, na pole kwa huyo mnyama. Nakujibu upande wa kupaka.

Ngozi imebanduka kwa sababu tatu zilizokutana: mafuta makali, ngozi iliyokwisha kuchubuka, na jua. Mafuta ya mwarobaini yakipakwa mazima kwenye ngozi yenye vidonda yanachoma. Ukipaka asubuhi kisha farasi akakaa juani, joto linaongezeka pale pale palipopakwa. Yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na shampuu laini ya farasi, usisugue, kisha uiache ngozi ipumzike siku tatu bila mafuta ya aina yoyote.

Katika siku hizo tatu tumia maji ya oti, ambayo nayaweka juu ya mimea yote kwa ngozi iliyowaka. Saga oti kavu gramu 250 hadi ziwe unga laini kabisa. Kipimo chake: kijiko kimoja kwenye glasi ya maji kinatakiwa kuyafanya meupe kama maziwa. Unga ukizama chini haraka, rudia kusaga. Tia unga kwenye soksi safi, funga, tumbukiza kwenye ndoo ya lita 10 za maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 huku ukikamua kamua. Mwagia kwa sponji kuanzia juu ya shingo kushuka, kisha acha yakauke bila kusuuza. Mara moja kwa siku inatosha. Maji yaliyobaki mwaga. Yakilala yanachacha, na ukiyapaka kesho unampaka bakteria.

Maji yasiwe ya moto. Joto huongeza mwasho, na wengi hukosea hapa kwa nia njema.

Sehemu mbili zilizochubuka: osha kwa maji ya chumvi, gramu 9 za chumvi kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ni kijiko cha chai kimoja na nusu, cha kusawazisha. Zikiwa bado zinatoa majimaji, kandika chai nyeusi iliyopoa: gramu 10 za majani kwenye nusu lita ya maji yaliyochemka, funika dakika 15, chuja, ipoe kabisa, lowesha kitambaa safi na ukishikilie hapo dakika 5 hadi 10. Tanini za chai hukaza na kukausha juu juu. Zikishakauka paka krimu ya oksidi ya zinki, safu nyembamba, ili majimaji na inzi visirudi. Usipake krimu juu ya kidonda kinachotoa usaha. Unafunga uchafu ndani. Na usimpe nafasi ya kuilamba, zinki si ya kumezwa.

Alovera ni nzuri kwa ngozi iliyovimba lakini haijafunguka. Kata jani la chini lililokomaa, lisimamishe upande uliokatwa ukiangalia chini kwa dakika 15, ule utomvu wa njano utoke wote. Utomvu huo huchoma ngozi na ukimezwa huharisha. Osha, menya, chukua ule ute mweupe wa ndani tu, usuuze tena, usage. Unakaa siku mbili au tatu kwenye friji. Mtu akikwambia alovera ilimzidishia farasi wake mwasho, muulize kwanza kama alimwaga utomvu.

Kamomili: gramu 30 za maua makavu kwa lita moja ya maji yaliyochemka. Funika wakati inaiva, kwani mafuta yake ya kunukia ndiyo yenye kazi na yanatoka na mvuke. Dakika 15, chuja kwa kitambaa, poza, paka kwa sponji jioni. Kalendula unaitengeneza vivyo hivyo. Yote mawili ni ya jamii moja ya maua, na farasi mwenye mzio anaweza kuwa na mzio wa hayo pia. Ndiyo maana kila kitu kipya kinajaribiwa: eneo la sentimita 5 kwa 5 pembeni ya shingo penye ngozi nzima, paka, subiri saa 48. Kukiwa na vinundu, joto au nywele kusimama, kiache.

Mwarobaini urudi ngozi ikishafunga, si kabla. Changanya mililita 10 za mafuta ya mwarobaini yaliyokamuliwa bila moto na mililita 90 za mafuta ya nazi. Yakiwa yameganda, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Usiyapashe jikoni, moto unaharibu azadiraktini, ambayo ndiyo inayowapunguzia wadudu hamu ya kunyonya. Chota mililita 5 hadi 10, gawanya singa kwa vidole, paka kwenye ngozi, si juu ya nywele. Paka jioni akishaingia bandani. Siku tano za kwanza kila siku, baadaye siku moja ndiyo, moja hapana.

Na hapa pana kosa ambalo huonekana baada ya wiki kadhaa: mafuta yanarundikana, vumbi linashika, vinyweleo vinaziba, vipele vya usaha vinatokea, mwenye farasi anadhani ni mzio umerudi anaongeza mafuta. Osha kwa shampuu laini mara moja kwa wiki, ukaushe kabisa kabla ya kupaka tena.

Kwa mwili mzima mafuta ni mazito. Pulizia mchanganyiko huu: mililita 5 za sabuni ya maji isiyo na harufu, mililita 20 za mwarobaini, koroga vishikane kwanza, ndipo uongeze lita moja ya maji ya uvuguvugu kidogo kidogo. Ukianza na maji, mafuta yataelea na farasi atapata maji upande mmoja na mafuta mazima upande mwingine. Tumia siku hiyo hiyo, kwa kuwa azadiraktini haidumu ndani ya maji. Usoni usipulizie, tia kwenye kitambaa na upanguse, mbali na macho na pua.

---

JaniBichi

Nyongeza kwa MamaShubiri: siki ya tufaha nusu kwa nusu na maji, pamoja na matone 30 ya mafuta ya mti-chai (tea tree) na ya mkaratusi kwenye chupa ya lita moja. Inafukuza usubi na inaua fangasi. Ni rahisi kuliko kusaga oti.

---

MamaShubiri

JaniBichi, ndugu yangu, kwa ngozi nzima siki iliyozimuliwa haina shida kubwa, lakini huyu ana vidonda. Asidi kwenye kidonda ni maumivu, na farasi akishaumia mara mbili kwenye chupa ya kupulizia hatakuruhusu tena kumsogelea nayo, hata ukiwa na dawa nzuri. Kama ni siki, sehemu 1 kwa maji 4, na kwenye ngozi iliyofunga peke yake.

Mafuta ya kunukia hayachanganyiki na maji wala siki. Matone yanaelea, mpulizo wa kwanza ni siki tupu na wa mwisho ni mafuta makali matupu. Yaingie kwenye mafuta ya kawaida kwanza, kiwango kisizidi asilimia 2: mililita 2 kwa mililita 100, yaani karibu matone 40. Mti-chai uliokaa muda mrefu chupa ikiwa wazi unakuwa mkali zaidi kwa ngozi, kwa sababu hewa inaubadilisha. Tupa chupa kuukuu.

Mkaratusi nao una aina. Unaosaidia dhidi ya usubi ni mkaratusi wenye harufu ya limau, na nguvu yake kubwa iko kwenye dawa zilizotengenezwa kwa kuongeza kiini chake cha PMD. Mafuta yake ghafi, kama ya mchaichai, huruka na hewa upesi, mara nyingi ndani ya saa moja au mbili. Ukimpulizia saa kumi jioni, magharibi usubi wakitoka yeye hana kitu mwilini.

Jambo la mafuta ya nazi nilisahau kulisema: hapa nayatumia kuzimulia mwarobaini tu. Asidi fulani za mafuta zinazotengwa kutoka kwenye nazi zimejaribiwa na zinafukuza usubi, lakini mafuta ya nazi ya jikoni hayana kiwango hicho.

---

PumbaNaMbegu

Mimi nazungumzia kihori.

Kitunguu saumu kwanza, maana hapo kuna hatari. Kina viungo vya salfa vinavyoharibu chembe nyekundu za damu za farasi hadi zinapasuka. Majaribio yaliyotumia kitunguu kilichokaushwa kwa kugandishwa yalileta upungufu wa damu kwa dozi inayozidi gramu 0.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Jaribio jingine, la takriban miezi mitatu, lilitumia miligramu 32 tu za kitunguu kikavu kwa kilo na bado hemoglobini ikashuka. Kwa farasi wa kilo 400 hiyo ni karibu gramu 13 kavu, sawa na kitunguu kibichi kimoja cha wastani. Wewe unampa vitatu, kila siku, msimu mzima. Angalia ufizi wake leo kwenye mwanga wa jua: ukiwa umepauka au una umanjano, mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa, au akichoka upesi kazini, daktari achukue damu. Ukiacha kumpa, mwili hujenga chembe mpya ndani ya wiki kadhaa. Faida mnayoitafuta kwenye jasho haijathibitishwa kwa usubi, kwa hiyo hakuna cha kusikitikia.

Mbegu za kitani ndizo zenye hoja. Zina omega-3 nyingi. Huko Kanada, jaribio lililochapishwa mwaka 2002 lilichukua farasi sita wenye mzio wa Culicoides, wakalishwa mbegu zilizosagwa kwa siku 42, kiasi cha gramu 1 kwa kilo ya mwili, na uvimbe wa kipimo cha ngozi (farasi huchomwa dondoo ya usubi kwenye ngozi) ukapungua ukubwa. Farasi sita ni wachache, na kipimo cha ngozi si sawa na farasi kuacha kujikuna malishoni. Jaribio jingine la awali, lililotumia mafuta ya kitani badala ya mbegu, halikuonyesha tofauti ya wazi kwenye mwasho. Kwa hiyo mpe ukitarajia nafuu kidogo na ngozi yenye afya, si muujiza, na usihukumu kabla ya wiki sita.

Pima uzito kwanza, "kama kilo 400" haitoshi. Zungusha utepe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Mzunguko mara mzunguko mara urefu, kwa sentimita, gawanya kwa 11,880. Mzunguko wa 170 na urefu wa 165 vinatoa kilo 401.

Anza na gramu 50 kwa siku, ongeza 50 kila baada ya siku tatu, ugawe mara mbili. Kufika 400 kunachukua wiki tatu. Ukikimbilia mwishoni, kinyesi kinakuwa laini na anaweza kushikwa na chango (maumivu ya tumbo). Mbegu hizi zina mafuta karibu asilimia 40, kwa hiyo punguza pumba na nafaka kwa kadiri unavyoongeza. Farasi akiwa mnene tayari, ishia 200. Unene kwa farasi unaleta hatari ya kuvimba ndani ya kwato, na mzio wa ngozi ni afadhali kuliko huo.

Saga unachotumia siku hiyo. Nzima nyingi zinapita na kutoka kwenye kinyesi kama zilivyoingia. Zilizosagwa na kukaa huchacha; zikinuka kama rangi ya mbao, tupa. Na usizilowanishe kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha: kimeng'enya kilichomo ndani yake hufanya kazi vizuri kwenye unyevu na joto la wastani, kikatoa sianidi. Ama mpe kavu zilizosagwa papo hapo zikiwa zimechanganywa na chakula kilicholoweshwa kidogo, ama chemsha kwa maji mengi, sufuria wazi, dakika 10 au zaidi.

Kama anakula majani mabichi kutwa nzima, omega-3 anapata nyingi tayari, na tofauti utakayoiona ni ndogo. Anayekula nyasi kavu ndiye atakayefaidi.

Manjano sina neno nayo. Haina ubaya kwa kiasi kidogo, ila sijaona sababu ya kuilipia kwa tatizo hili. Mwarobaini wa kumlisha hapana, hasa jike anayeweza kuwa na mimba.

---

TandikoJepesi

Asanteni sana wakuu. Ufizi nimeangalia, ni wa waridi, lakini vitunguu nimeacha na daktari atapima damu akija. Selotepu pia nimebandika, nitapeleka.

Maswali mawili: paka wangu wawili wanalala bandani humo humo, na mwezi ujao farasi huyu ana mashindano. Kuna la kuepuka? Na pareto inafaa?

---

KwatoNne

Umeuliza vizuri kutaja paka. Permetrini, ambayo iko kwenye dawa nyingi za kupulizia farasi na majoho mengine, inaua paka. Mti-chai pia ni sumu kwao, na wao hujilamba kila kitu. Ukitumia permetrini, paka wasilale bandani hadi farasi akauke kabisa, na joho lililotiwa dawa lisiwe kitanda chao. Mwarobaini uliozimuliwa una hatari ndogo zaidi, lakini na wenyewe usiwaguse ukiwa mbichi.

Pareto inafaa, ila elewa tabia yake. Inaangusha wadudu upesi, na mwanga wa jua unaivunja ndani ya saa chache. Ipulizie jioni, farasi akiwa bandani, ambako giza linaisaidia kudumu. Tumia iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi, yenye kiwango kilichoandikwa. Unga wa maua uliosaga mwenyewe hujui nguvu yake, na vumbi lake linaweza kuleta mzio kwako na kwake. Mabaki yasiingie bwawani, inaua samaki, wala karibu na mizinga ya nyuki.

Mashindano: neno "asili" halimlindi mtu kwenye kipimo. Chai nyeusi ina kafeini, ambayo hairuhusiwi, na farasi akilamba kitambaa au ndoo inaweza kuonekana. Gome la mwilo (willow) lina salisilati, jamii ya aspirini. Valeriani na makucha ya shetani (devil's claw) yamo kwenye mchanganyiko mwingi wa mitishamba ya kutuliza. Kapsaisini ya pilipili imo kwenye baadhi ya krimu. Kwenye Olimpiki ya 2008, mashindano ya farasi yalipofanyika Hong Kong, farasi wa kuruka viunzi walizuiwa kwa sababu yake. Chai badilisha na maji ya chumvi kuanzia sasa, na kila chupa ipeleke kwa daktari wa timu akaisome kabla hujaifungua.

Daktari aitwe bila kusubiri akivimba uso au akipata mabonge mwili mzima na kupumua kwa shida, kidonda kikiwa na usaha au funza, au akishindwa kula kwa sababu ya kujikuna. Huenda akampa steroidi kwa siku chache. Usizikatae kwa sababu tu ni dawa ya hospitali, wala usizitumie bila yeye: zinaweza kuchochea kuvimba ndani ya kwato, na tarehe ya kuziacha kabla ya mashindano inahesabiwa.

---

MamaShubiri

La mwisho kwako, kuhusu mkia. Usiufunge bendeji kuzuia asisugue. Ikibana shina la mkia usiku mzima damu haifiki, na ngozi inaweza kufa. Tumia kifuniko cha mkia cha joho, kilicholegea kiasi cha kupita vidole viwili. Zungushia nguzo anazojisugulia matawi laini au brashi ngumu za plastiki? Hapana, ondoa kabisa uwezekano: uzio wa umeme mwembamba mbele ya nguzo, sentimita 50 hivi.

Na piga picha kila Jumapili, mahali pale pale, mwanga ule ule: shingo kushoto, shingo kulia, mkia, tumbo. Nywele mpya fupi laini kwenye kingo za mabaka huanza kuonekana wiki ya tatu au ya nne kama hang'atwi. Zikikatika tena zikiwa fupi, rudi kwenye wavu na feni kabla ya kubadili mafuta. Kuna mahali usubi wanapita.